Kupanga kimo cha gari la barabara mbovu: anza na kilo, malizia na springi

Anayeingia karakana yetu hapa Nakuru akitaka gari liinuliwe huwa tayari amejiandikia dawa: springi ngumu. Mzee mmoja anayelima viazi kule juu Mau Narok alikuja na dawa hiyo hiyo, Land Cruiser 80 yake imekalia mkia kama kuku anayeatamia.

"Fundi, hizi springi zimelegea. Nipe ngumu, ngumu kabisa."

"Sawa, mzee. Kwani huwa unapakia nini?"

"Viazi. Gunia nne, mara nyingine tano. Na si hizi za kilo 50, ni mukurino, zile zinazojazwa kupita mdomo hadi zivae kilemba."

"Na siku ambazo hakuna viazi?"

"Ah, hapo ni mimi na mama watoto tu, kanisani na sokoni."

Jibu hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta. Gari la kubeba zaidi ya kilo mia nne siku ya soko na watu wawili siku ya ibada halitibiwi kwa ugumu peke yake. Ukiweka springi inayosimama vizuri chini ya viazi, Jumapili itawarusha wazee wa watu hadi wagonge dari. Basi kabla ya kufungua nati yoyote, tuelewane kimo cha gari kinatoka wapi.

Springi ya koili ina vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni urefu wake ikiwa imesimama sakafuni haijabeba kitu. Nitauita urefu mtupu. Cha pili ni ugumu, yaani kilo ngapi zinatakiwa ili ibonyee milimita moja. Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1678, na mafundi tunaitumia hadi leo: mzigo ukiongezeka mara mbili, kubonyea nako kunaongezeka mara mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua springi itasimama kwa urefu gani chini ya gari, gawanya mzigo kwa ugumu, kisha toa jibu hilo kwenye urefu mtupu.

Tuseme kila springi ya mbele imebeba kilo 480. Yenye ugumu wa kilo 2.4 kwa milimita itabonyea milimita 200. Itoe, weka ya kilo 3.1 yenye urefu mtupu uleule: hiyo itabonyea milimita 155 tu. Gari limepanda milimita 45, mteja anatabasamu, na anaenda kuwaambia wenzake kwamba ugumu ndio unaoinua. Lakini kuna kiwanda kingine kinachouza springi ya kilo 3.1 ambayo urefu wake mtupu umepunguzwa milimita 45. Funga hiyo, na gari litakaa palepale lilipokuwa, ila sasa linadunda. Kingine kinauza ya kilo 2.4 iliyorefushwa milimita 45. Hiyo nayo inainua gari kama ile ya kwanza, na ulaini wa zamani unabaki.

Ndiyo maana mimi huchagua ugumu kwa kuangalia mzigo, halafu kimo nakitafuta kwenye urefu. Anayeanza na kimo hujikuta amenunua ugumu asiouhitaji.

Na springi iliyochoka? Hapa nabishana na mafundi wenzangu kila mara. Springi ya zamani iliyoshuka, kama haijaliwa na kutu wala kuvunjika, haijapoteza ugumu wake. Imefupika. Chuma kimebonyezwa miaka na miaka kikakubali kubaki kifupi kidogo, lakini unene wa waya ni uleule, duara ni lilelile, na idadi ya mizunguko ni ileile. Hayo ndiyo yanayoamua ugumu. Weka ya zamani na mpya ya aina moja kando kwa kando sakafuni, uone tofauti ya urefu kwa macho yako. Gari linalodunda ovyo baada ya kila shimo, mara nyingi shokabsoba zake ndizo zilizokufa, na springi inalaumiwa bure.

Kwa kuwa nimetaja unene wa waya: usidharau milimita moja. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo, kwa hiyo kutoka waya wa milimita 16 kwenda wa 17, duara na mizunguko ikibaki ileile, ugumu umeongezeka zaidi ya robo. Hiyo ndiyo tofauti ya kilo 2.4 na 3.1 kwenye mfano wangu. Duara likiwa pana ugumu unashuka haraka, na mizunguko ikiwa michache unapanda. Ndiyo sababu huwa nauliza kalipa ya kupimia unene kabla sijauliza bei ninapochagua springi za mtumba. Rangi iliyopakwa na kiwanda inasaidia kutofautisha aina, lakini springi za mtumba zimepakwa rangi upya mara ngapi, nani anajua?

Sasa kazi yenyewe.

Tafuta mahali tambarare kweli kweli, kama sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta. Barabara zetu zimeinama kutoka katikati ili maji yateremke, na ukipimia hapo gari litaonekana limelalia upande mmoja. Jaza tanki, weka upepo sawa kwenye matairi, sukuma gari mbele na nyuma mita chache, kisha libonyeze kila kona mara mbili tatu ili bushi, zile raba za kwenye viungo, zikae. Halafu chukua tepu upime kutoka katikati ya habu ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Usipime kutoka chini ardhini, kwa sababu hapo unapima tairi na upepo wake pamoja na springi. Andika namba nne kwa chaki juu ya fenda zenyewe, kila moja mahali pake.

Namba za kushoto na kulia zikitofautiana milimita tano au hata kumi, usiwe na wasiwasi. Usukani wetu uko kulia, dereva yuko kulia, na kwenye magari mengine tanki au betri ya pili nayo imeelemea upande mmoja. Baadhi ya watengenezaji hutoa springi mbili za urefu tofauti kidogo kwa sababu hiyo, na kwetu ile ndefu inaenda upande wa dereva. Soma alama kabla hujazipachika. Tofauti ikizidi hapo, hamisha springi ya kushoto uipeleke kulia na ya kulia kushoto. Kuinama kukihama pamoja na springi, basi springi ndiyo mgonjwa. Kukibaki palepale, angalia bushi zilizojikunja, kikombe cha springi kilicholiwa na kutu, au chasisi iliyopinda. Jambo lingine linalowapoteza wengi: springi ya nyuma kulia ikichoka, kona ya mbele kushoto hupanda kidogo, na fundi mwenye haraka anaishia kuishughulikia kona isiyo na kosa.

Baada ya kimo, uzito. Vinu vya unga na maghala ya nafaka hapa mjini vina mizani ya malori, na ukienda saa ambazo hakuna foleni ukaongea vizuri, utapimiwa. Panda kwanza na magurudumu ya mbele peke yake, andika; kisha gari zima, andika; tofauti ni ya nyuma. Fanya hivyo gari likiwa na vitu ambavyo hukaa nayo kila siku. Usipakie mzigo wa mara moja kwa mwaka ili ujidai.

Si uzito wote huo unaobebwa na springi. Ekseli, difu, breki na magurudumu viko chini ya springi, havimlemei mtu. Kwenye ekseli nzima, yaani ya kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, ya mbele ya gari kubwa mimi hutoa kama kilo 280. Mizani ikisema 1,240 mbele, zimebaki 960, nusu yake ni 480 kwa kila springi. Hapo ndipo nilipoitoa ile namba ya mwanzo.

Tuongeze bulba ya chuma, ile kinga ya mbele ya gari, na winchi, kilo 100 pamoja. Je, kila springi ya mbele imeongezewa 50? Hapana, ni zaidi. Vitu hivyo vinaning'inia mbele ya ekseli, kwa hiyo vinafanya wenzo. Land Cruiser 80 ina milimita 2,850 kati ya ekseli na ekseli. Bulba ikikaa milimita 850 mbele ya ekseli, kilo 100 zake zinakuwa kama 130 juu ya ekseli ya mbele, na ekseli ya nyuma inapunguziwa 30. Kila springi ya mbele imepata 65. Ya kilo 2.4 itashuka milimita 27, na nyuma itapanda kidogo, kwa hiyo kwa macho pua inaonekana imezama hata zaidi. Ya kilo 3.1 ingeshuka milimita 21. Tazama hapo: ugumu wote ule ulioongezwa umeokoa milimita sita za mzigo mpya. Kazi yake ya maana ni kuzuia gari lisigonge raba za kugotea linapoanguka kwenye shimo, maana sasa kuna kilo nyingi zaidi zinazoporomoka. Mizigo ya kudumu kama hii ndiyo inayostahili springi ngumu kidogo, na mimi hupandisha ugumu kwa uwiano uleule wa mzigo ulioongezeka: asilimia 13 au 14 hapa, si asilimia 30 wala 50.

Mzigo wa kuja na kuondoka una njia yake. Yule mzee wa viazi nilimwekea nyuma springi mpya za ugumu wa kawaida, ndefu kidogo, na ndani ya kila koili mfuko wa hewa. Akipakia, anajaza upepo kwa pampu ya mkono. Akishusha magunia, anaupunguza. Zipo pia springi ambazo mizunguko yake imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Zile zilizobanana hugusana mapema mzigo ukija, mizunguko inayofanya kazi inapungua, na springi inakuwa ngumu yenyewe. Nazipenda kwa gari la safari za familia. Kwa mukurino tano, nenda na hewa.

Ukiletewa springi bila karatasi wala alama, ipime. Sisi tuna paipu nene ya chuma iliyochomelewa wima juu ya bamba. Springi inavalishwa pale ili isichomoke, kisha juu unawekwa ubao mnene wenye tundu la kupitisha paipu. Pima urefu. Mlaze mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, pima tena. Ongeza wa pili, pima. Mifuko miwili ikiibonyeza milimita 42, gawanya 100 kwa 42, unapata kilo 2.4 kwa milimita. Ikiibonyeza 32, hiyo ni ya 3.1. Mfuko wa pili ukibonyeza kidogo kuliko wa kwanza, jua hiyo ni springi ya mizunguko isiyolingana, na pengine imeshaanza kufunga. Shikilieni watu wawili, na miguu ikae mbali na ubao.

Kwenye maboksi utakuta vipimo vingine. Niutoni kwa milimita gawanya kwa 9.81 upate kilo. Pauni kwa inchi gawanya kwa 56.

Prado na Hilux za mbele zina hesabu yake. Pale springi imekaa katikati ya mkono wa chini, haiko karibu na gurudumu kama kwenye ekseli nzima ya Land Cruiser 80, Jimny au Defender ya zamani. Gurudumu likipanda milimita 20, springi inabonyea kama 10. Kwa hiyo spesa, yaani kipande cha kujazia, ya milimita 10 juu ya springi inainua gari kama 20. Wengi huweka ya 30 wakidhani watapata 30, wakashangaa gari limekuwa twiga na mipira ya shafti inachanika. Ugumu nao unaoonekana kwenye gurudumu unabaki kama robo ya ule wa springi. Usilinganishe springi ya mbele ya Prado na ya Jimny ukasema moja ni ya lori.

Spesa yenyewe haibadilishi ugumu hata kidogo. Inasukuma gari juu tu. Ubaya wake uko kwenye ncha mbili: gurudumu likining'inia halishuki tena kama zamani kwa sababu shokabsoba imeshafika mwisho, na likipanda hadi mwisho, springi inabanwa zaidi kwa unene wa ile spesa, hivyo koili zinaweza kugusana kabla raba ya kugotea haijafanya kazi yake. Spesa ya sentimita mbili kwenye ekseli nzima sina ugomvi nayo. Zile raba zinazopachikwa katikati ya koili nina ugomvi nazo. Zinaua mzunguko mmoja: springi ya mizunguko minane inakuwa ya saba, ngumu kwa asilimia 14, na nguvu yote inakusanyika kwenye ukingo wa raba. Nimeokota springi nyingi zilizokatika hapo hapo. Kukata springi kwa moto sitaki hata kukuzungumzia. Inakuwa fupi na ngumu kwa wakati mmoja, na moto umeharibu chuma.

Kufunga si kugumu kwenye ekseli nzima. Weka magogo kwenye magurudumu ya upande mwingine, inua chasisi, isimamishe kwa stendi imara, jeki nyingine iwe chini ya ekseli. Fungua shokabsoba na fimbo ya kuzuia kuyumba, teremsha ekseli polepole huku mwenzako akiangalia paipu ya breki isivutike. Springi itatoka kwa mkono. Kagua kikombe na raba yake, geuza springi mpya hadi mwisho wa waya uingie kwenye kizuizi chake, rudisha. Mbele ya Prado, ambako springi imebanwa pamoja na shokabsoba, hakuna kufungua nati ya juu bila vibanio vya kazi hiyo. Springi ile ina nguvu ya kuua mtu, na kamba au waya wa kufungia si kibanio.

Boliti za mikono na za bushi zikaze kwa mkono kwanza. Teremsha gari chini, litikise, ndipo uzikaze kabisa likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi zinabaki zimejikunja, zinashikilia gari kwenye kimo cha uongo, na zinachanika mapema.

Angalia shokabsoba gari likiwa chini. Inatakiwa ibakiwe na angalau theluthi ya safari yake ya kushukia. Ikikaribia mwisho, nunua ndefu. Ukiwa umepandisha ugumu sana, shokabsoba za zamani hazitaweza kuizuia springi inaporudi, na gari litaruka kama lilivyoruka kabla hujatumia pesa.

Kuna kitu ambacho springi haitakupa. Ukienda Kuresoi wakati wa mvua, ambapo matrekta yamechimba mitaro miwili na kuacha tuta katikati, kinachokwama ni difu. Kwenye ekseli nzima, springi ya urefu wowote haiinui difu hata milimita moja. Tairi kubwa ndilo linaloinua. Springi inainua tumbo, pua na ngazi za pembeni. Na mahali ambapo mtaro unakatiza njia kwa mshazari, kama zile njia za kuteremkia Solai, springi ngumu kupita kiasi inakushinda: gurudumu moja linabaki hewani likizunguka bure, na mwenye springi laini anapita.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe funguo, pima tena kutoka habu hadi fenda, ulinganishe na namba za chaki. Ekseli nzima ya mbele ikipanda milimita 40 au 50, pembe ya kasta, ule mwegamo wa nyuma unaorudisha magurudumu yanyooke, inapungua na usukani unakuwa mwepesi wa kutangatanga kwenye lami. Bushi za kurekebisha kasta zinautuliza. Fimbo iliyokingama, ile inayoishikilia ekseli isiende pembeni, nayo itakuwa imeivuta ekseli kidogo upande mmoja. Prado lazima iende alainimenti siku hiyo hiyo. Magari mengi ya aina hii yana vali ya breki ya nyuma iliyoungwa na ekseli kwa kijifimbo, na mkia ukipanda vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma wakati umejaza viazi. Rekebisha kijifimbo hicho. Taa za mbele nazo zishushe. Springi mpya hushuka milimita chache wiki za mwanzo, kwa hiyo mwambie arudi baada ya kama mwezi, gari likiwa na matope yake, mpime upya na mzikaze boliti tena.